Vitabu Ulivyonitumia, na Posa ya Kongwa

Area C, Dodoma

Mpendwa Rehema,

Mbukwa! Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa upepo wa Julai unaotujazia vumbi mpaka kwenye mboga. Vitabu ulivyompa Chilewa vilifika salama, ingawa alivikalisha kwake kwa kisingizio kwamba hapiti upande wetu, nami nashuku alikuwa akivisoma kwa siri. Nimevimaliza vyote. Ungepata maoni yangu kwa raha siku tutakapoonana, lakini limezuka jambo la Mama Tumaini ambalo siwezi kulisema kwenye simu, na sasa vitabu na jambo hilo vimechanganyika kichwani mwangu kiasi kwamba siwezi kueleza kimoja bila kingine.

Kijana wake amerudi kutoka Nairobi. Unamkumbuka, na unajua yaliyokuwa yakinong'onwa tangu akiwa kidato cha nne, kwamba anapenda wanaume. Wajomba zake wa Kongwa wamekaa kikao na kuamua kwamba dawa ni ndoa; binti amekwisha kuonekana, ng'ombe wa mahari wanahesabiwa, nami nimeombwa niwe miongoni mwa watakaokwenda kuposa kwa kuwa eti nina maneno mazuri. Ombi hilo lilinijia nikiwa katikati ya kitabu cha Chinelo Okparanta, Under the Udala Trees. Ungeona uso wangu!

Katika riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 2015, Ijeoma ni binti wa Kiigbo aliyekulia katika vita vya Biafra kule Nigeria, akampenda msichana wa Kihausa aitwaye Amina. Mama yake anapojua, anamkalisha chini na kumfundisha Biblia siku baada ya siku, Sodoma na Walawi, hadi mimi mwenyewe nikachoka, mimi ninayeipenda Biblia. Baadaye Ijeoma anaolewa na Chibundu, rafiki yake wa utotoni. Kilichonishika hapo ni huyo Chibundu. Hakuoa kwa hila. Alimpenda mwanamke ambaye moyo wake haukuwa nyumbani, akaja kugundua barua ambazo Ijeoma alikuwa akimwandikia Ndidi, mwanamke aliyempenda, na kuanzia hapo upendo wake ukageuka ukali wa kutisha. Simtetei kwa aliyoyatenda. Ila wazee waliosukuma ndoa ile walimfikiria binti tu, jinsi ya kumnyoosha, wasimfikirie hata kidogo yule waliyempa awe dawa yake. Mwishoni mama analainika na kukubali kwamba Mungu aliyemuumba mwanawe alijua anachokifanya. Sehemu hiyo niliiona imekuja haraka mno. Mama wa namna ile ninaowajua mimi wangehitaji kurasa mia zaidi.

Kile cha Alison Bechdel, Fun Home, cha mwaka 2006, nusura kiniletee balaa, kwa maana mume wangu alipoona kimechorwa katuni mwanzo hadi mwisho alitaka kumpa Baraka akasome wakati wa likizo. Baba wa mwandishi alikuwa mwalimu wa Kiingereza na mwenye nyumba ya mazishi katika mji mdogo wa Pennsylvania, mtu aliyeipamba nyumba yake kwa ustadi wa ajabu huku akificha kwamba anatembea na wanaume. Binti alipowaandikia wazazi kutoka chuoni kwamba yeye anapenda wanawake, ndipo mama alipomfunulia siri ya baba. Miezi michache baadaye, mwaka 1980, baba aligongwa na lori akafa, wiki mbili baada ya mkewe kumwomba talaka, na binti anaamini kwamba alijiua, ingawa hana ushahidi. Ni kitabu cha akili nyingi, labda nyingi kupita kiasi. Kila msiba unatafutiwa riwaya ya kuufafanua. Lakini macho yangu yalikuwa yakimtafuta Helen, yule mama, aliyelijua jambo hilo kwa miaka, akalea watoto watatu na kuigiza tamthilia mjini. Anapita pembeni mwa picha kana kwamba ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Huyo ndiye ninayemwona nikimfikiria binti wa watu kule Kongwa, ambaye hakuna aliyemwambia lolote.

Mama Tumaini si mtu mbaya, unamjua. Anaogopa sheria, na ana haki ya kuogopa, maana Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inataja kifungo cha kuanzia miaka 30 hadi maisha. Anaogopa pia maneno ya kanisani, nadhani kuliko sheria. Nilipomuuliza kama amewahi kuzungumza na mwanawe, alijibu kwamba asichoambiwa hakijui. Nikamkumbuka Binyavanga Wainaina, yule mwandishi wa Kenya, na yale maandishi yake ya Januari 2014, mwezi uleule Nigeria ilipotia saini sheria ya kupiga marufuku ndoa za jinsia moja, yenye kifungo cha hadi miaka 14, ambamo anajifikiria yupo kando ya kitanda cha mama yake anayekufa na kumwambia kwamba yeye ni shoga. Hakuwahi kumwambia. Mama alikwisha kufariki tangu mwaka 2000. Kurasa zile chache zimenigusa kuliko riwaya nzima, na laiti Mama Tumaini angesoma Kiingereza ningempelekea leo hii, bila kusema neno.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyezoea kazi hiyo, unifasirie maandishi hayo kwa Kiswahili, kwa mkono, usiweke jina lako. Au naona vibaya? Je, nikikataa tu kwenda Kongwa itatosha, au wataenda na mwingine, na binti yule aolewe vilevile? Nina haki gani ya kumnong'oneza mama wa binti huyo, wakati siri si yangu na inaweza kumpeleka kijana gerezani? Ungeongea na kijana mwenyewe kwanza? Nawe ulinichagulia vitabu hivi kwa sababu gani hasa, ulikuwa umesikia habari za kikao? Chilewa amekuambia nini? Nijibu kabla ya mwezi kwisha, kwa maana posa imepangwa mara baada ya mavuno ya zabibu, na mpeleka barua awe yeyote isipokuwa Chilewa.

Wako,
Esta