Barua ya wazi kwa Mjomba kuhusu sadaka ya maafa ya nje

Shikamoo Mjomba.

Mchungaji alipoleta pendekezo la kutenga fungu la sadaka kwa ajili ya maafa ya nchi za nje, akatoa mfano wa tetemeko la Uturuki na Syria, ulisimama kama mweka hazina ukauliza kwa sauti iliyowafikia hata waliokaa nje kwenye viti vya plastiki: watu wale wana serikali zao, wengi wao si Wakristo, na sisi paa letu halijaisha, tunawapelekea nini? Makofi yakapigwa, pendekezo likaahirishwa. Sikutaka kubishana nawe kwa kipaza sauti, kwa kuwa wewe ni mjomba wangu na mimi nilikulia kwako. Lakini swali uliliuliza mbele ya wote, na wapo wengi wanaolirudia, kwa hiyo nimeona nilijibu mahali ambapo nao watalisoma jibu.

Nianze na mji mmoja. Alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika kumi na saba, ardhi ilitikisika kusini mwa Uturuki kwa ukubwa wa 7.8, na mchana wa siku hiyohiyo likaja tetemeko la pili la 7.5. Uturuki peke yake ilizika watu zaidi ya 53,000, na Syria ilizika maelfu wengine. Miongoni mwa miji iliyoumia kupita yote ulikuwa Antakya, mkoani Hatay, ambako mitaa mizima iligeuka kifusi. Kanisa la Kiorthodoksi la Petro na Paulo, ambalo liliwahi kuangushwa na tetemeko la mwaka 1872 na kujengwa upya, lilianguka tena. Msikiti wa kale wa Habib-i Neccar ulianguka vilevile, na jengo la kanisa la Kiprotestanti nalo likawa mawe. Katika mji wa jirani wa İskenderun, kanisa kuu la Kikatoliki liliporomoka sehemu kubwa.

Antakya hiyo, Mjomba, ndiyo Antiokia unayoisoma kila mwaka kwenye Matendo ya Mitume, mahali ambapo wanafunzi walianza kuitwa Wakristo. Wengi wetu tunaukumbuka mstari huo na kufunga Biblia, ilhali mistari michache tu inayofuata, katika sura hiyohiyo ya 11, inasimulia jambo linalotuhusu moja kwa moja: nabii Agabo anatangaza njaa itakayokuja siku za Klaudio, kaisari wa Roma, na washarika wa Antiokia, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wanachanga na kuwapelekea ndugu wa Uyahudi, mchango ukikabidhiwa kwa wazee kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hakuna aliyeuliza kwa nini Yerusalemu isijitegemee. Mji ambao washarika wake walichangia maafa ya mbali ndio huo ulioanguka mwaka 2023, na sisi tunaoitwa kwa jina lililoanzia kwao tuliambiana kwamba hawatuhusu.

Najua utasema hiyo ni hoja ya mahubiri, na mweka hazina hafungi hesabu kwa mahubiri. Haya, tuangalie kazi yenyewe ilivyofanyika.

Unapowafikiria watoa misaada wa kanisa, naamini unawaona wageni waliovaa fulana zenye nembo, wakishuka kwenye ndege. Wapo, na wengine hufanya kazi nzuri. Lakini katika mji wa Aleppo, kaskazini mwa Syria, waliofungua milango usiku ule wa baridi na mvua walikuwa watu wa palepale, ambao nao walikuwa wamekimbia vyumba vyao wakiwa na nguo za kulalia. Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, walifungua kumbi na shule yao, na makanisa mengine ya mji yakafanya hivyohivyo, watu wakalala kwenye mabenchi na juu ya mablanketi sakafuni, huku wengine wakibaki ndani ya magari kwa kuogopa kuta. Walipikiwa chakula cha moto siku baada ya siku. Makanisa hayo yenyewe yalikuwa na msiba: Padri Imad Daher alifia kwenye kifusi cha makazi ya askofu wa Wamelkiti, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki, na askofu mstaafu Jean-Clément Jeanbart alitolewa humo akiwa hai. Hawakuwa na muda wa kuwasubiri wageni, wala wageni hawakuwa na njia rahisi ya kuwafikia.

Hilo la njia lina uzito wake. Syria wakati huo ilikuwa chini ya vikwazo vya Marekani na Ulaya, nchi ilikuwa imegawanyika vipande, na misaada ya Umoja wa Mataifa kwa upande wa kaskazini magharibi uliokuwa mikononi mwa waasi ilikuwa ikipita katika kivuko kimoja tu cha mpakani na Uturuki, Bab al-Hawa. Msafara wa kwanza wa Umoja wa Mataifa baada ya tetemeko ulivuka tarehe 9 Februari, siku ambayo waliokuwa hai chini ya zege walikuwa wamebaki wachache. Martin Griffiths, aliyekuwa mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja huo, alikiri waziwazi kwamba walikuwa wameshindwa kuwasaidia watu wa kaskazini magharibi mwa Syria. Na hukohuko kaskazini magharibi, katika mkoa wa Idlib, kwenye vijiji kama Knayeh, kulikuwa na mapadri wa Kifransisko ambao hawakuwahi kuondoka miaka yote ya vita. Shirika kubwa lenye magari mia haliwezi kununua kitu hicho, kwa sababu kinahitaji mtu aliyekaa mahali kabla ya msiba na ambaye jirani zake wanamjua kwa sura.

Sehemu ambayo mtu wa hesabu kama wewe ingekupendeza ni ile iliyofuata baada ya supu na mablanketi. Aleppo makanisa yaliunda kamati za wahandisi, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kukagua. Nyumba yenye ufa wa plasta tu, mwenyewe anaambiwa arudi akalale. Nyumba ambayo nguzo yake imepasuka hadi nondo zinaonekana, familia inahamishwa na kulipiwa pango kwanza, halafu matengenezo yanapangwa kwa makadirio na bei. Watu waliolala kanisani kwa hofu walihitaji neno la mhandisi kuliko walivyohitaji gunia la pili la mchele, maana bila neno hilo wangebaki sakafuni kwa miezi huku nyumba zao zikiwa nzima. Kazi ya namna hiyo haipigwi picha sana. Lakini ina fomu, ina saini, na ina risiti ya fundi.

Sasa nije kwenye lile la “si Wakristo”. Kwenye uwanja wa kanisa kuu la İskenderun, ambalo lenyewe lilikuwa magofu, waliopokelewa walikuwa Waislamu na Wakristo pamoja. Na Uturuki, ambako Wakristo hawafiki hata asilimia moja, isingewezekana kuwa vinginevyo, hata kama mtu angetaka. Sitakuficha kwamba yapo mashirika ya kikanisa yanayosaidia kwanza familia za Kikristo, na kwa Aleppo yanaeleza sababu yake: Wakristo wa mji ule wamepungua sana tangu vita vianze, na kila nyumba inayobomoka bila kutengenezwa ni familia nyingine itakayohama moja kwa moja. Naielewa sababu hiyo. Hata hivyo fungu letu sisi ningependa liende kwa wale wanaogawa sahani bila kuuliza jina, na kama usharika hautaki hivyo, basi tuseme wazi badala ya kujificha nyuma ya paa. Wewe mwenyewe jirani yako wa ukutani ni Mwislamu, na mlipofiwa ndiye aliyeleta maturubai.

Tena sipendi kabisa mkate unaokuja umefungwa na kipeperushi. Mtu aliyepoteza watoto usiku huo hana nafasi ya kukataa chochote, na kumhubiria akiwa kwenye foleni ya maji ni kumnyang'anya hiari yake. Mahali kanisa lilipoharibu jina lake baada ya tetemeko, mara nyingi liliharibu kwa haraka ya namna hiyo. Mwaka 2010, wiki chache tu baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari, Wabaptisti kumi kutoka Marekani walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati zinazotakiwa. Walisema wanaokoa yatima, kisha ikabainika kwamba watoto wengi miongoni mwao walikuwa na mzazi aliye hai. Hisia zao zilikuwa za huruma, sina shaka, lakini hawakuwa na mtu wa pale wa kuwaambia mtoto huyu ni wa nani. Ndiyo maana simuungi mkono kijana wetu wa kwaya aliyependekeza tutume ujumbe wa vijana endapo maafa mengine yatatokea. Nauli ya mtu mmoja ni pango la familia kwa miezi mingi.

Kuhusu nguo nitasema kwa kifupi, kwa kuwa kina mama walishaanza kukusanya magunia. Katika maeneo ya tetemeko Uturuki, nguo zilizotolewa kwa moyo mwema zililundikana kando ya barabara zikanyeshewa mvua, kwa sababu hakukuwa na wa kuzichambua. Sisi tunaoishi na mitumba tunajua kazi ya kufungua robota moja tu.

Hofu yako kubwa, naamini, ni fedha kuliwa, na hofu hiyo ninaiheshimu. Tulikuwa Bukoba pamoja baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile la 5.9, na uliona mwenyewe mabati, blanketi na magodoro yaliyoletwa na Kenya, kama ulivyosikia baadaye minong'ono juu ya michango ilikoishia. Mtume Paulo alikuwa na hofu kama yako. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anapochangisha kwa ajili ya watu wa Yerusalemu, hakubeba mfuko peke yake: makanisa yalimchagua ndugu mmoja wa kusafiri naye, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya mchango ule mkubwa. Na waliompa moyo wa kuendelea walikuwa Wamakedonia, ambao anasema walitoa wakiwa katika umaskini mkubwa. Huenda nao walikuwa na paa.

Njia ya kupeleka ipo, na haituhitaji tubuni. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo lina idara yake ya misaada, na ndugu zetu Wakatoliki wanalo shirika lao la misaada, Caritas, ambalo liko Uturuki na liko Syria. Jambo moja tu la kuangalia ni la kibenki: wakati wa vikwazo, muamala uliotaja neno Syria uliweza kukwama benki kwa wiki nyingi, hata baada ya Marekani kulegeza masharti kwa siku 180 kuanzia Februari 2023. Kwa hiyo si kazi ya usharika mmoja kutuma fedha moja kwa moja. Zipitie Dayosisi, na Dayosisi itupe barua ya kupokea pamoja na taarifa ya mwisho wa mwaka inayoonyesha zilikofika.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Kabla ya mkutano ujao, mwandikie mhasibu wa Dayosisi umuulize kama kuna akaunti ya maafa, makato yake ni kiasi gani, na taarifa hutolewa lini. Ukipata majibu yasiyoridhisha, nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono tusitume hata senti. Ukipata yanayoridhisha, lete pendekezo wewe, si mchungaji, na useme kiasi unachoona usharika unaweza. Hata kikiwa kidogo nitakinyoshea mkono.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mpwa wako.