Skrubu ya hewa inaonewa bure, pimeni mvuto wa kabureta

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana ile makala yenu ya kutunza pikipiki za zamani imenikaa kichwani wiki nzima. Mengi mmeyasema vizuri, ila pale mlipoandika kwamba pikipiki yenye kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na mafuta ya injini) zaidi ya moja ikikataa kutulia kwenye slo, yaani injini ikiwaka bila kuvuta mafuta, mtu azungushe tu skrubu ya hewa mpaka itulie, hapo mmewapoteza watu, na naomba mrekebishe kwa sababu mimi nimeshapita huko.

Yangu ni ya mwaka 1982, silinda nne, kabureta nne mstari mmoja. Ikisimama inatetemeka mpaka kwenye vioo vya pembeni huoni kitu, upande wa klachi kunagonga kama kopo lina mawe ndani. Fundi akatoa kabureta, akasafisha, akarudisha, akacheza na skrubu za hewa, nikaondoka imetulia, kesho yake yale yale. Mara tatu! Kusafisha sawa, kabureta chafu lazima isafishwe, lakini katika mara zote hizo hakupima hata mara moja kama zote nne zinafunguka sawa, kumbe shida ilikuwa hapo hapo.

Kila silinda ina kabureta yake, na ndani ya kila kabureta kuna kisahani kinachofungua njia ya hewa ukivuta mafuta. Kwenye slo kisahani hicho kinaacha upenyo mdogo mno, sasa kimoja kikiachama kuliko vingine hata kwa unene wa unywele, silinda yake inafanya kazi kubwa na zilizobaki zinaburuzwa. Skrubu ya hewa haikigusi kisahani, kazi yake ni mchanganyiko wa hewa na mafuta basi, ukiizungusha kutibu kisahani unakuwa umeharibu mawili.

Na kupima mtu anaweza nyumbani. Mimi nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita kama nne hivi, nikaukunja katikati ukawa kama herufi U, nikaufunga kwenye ubao mrefu, chini nikatia oili ya tu-stroki kidogo. Ncha mbili zinaingia kwenye vile vitundu vya kupimia vilivyo kati ya kabureta na injini, silinda mbili kwa wakati. Silinda inayovuta zaidi inapandisha oili upande wake, na inayovuta zaidi ndiyo ambayo kisahani chake kimefunga zaidi. Siku ya kwanza nilipowasha oili ilipanda upande mmoja kwa kasi, nikazima haraka kabla haijamezwa na injini, nikarudi kulinganisha visahani kwa macho kwanza, kabureta zikiwa mezani, kwa kupitisha waya mwembamba chini ya kila kimoja. Baada ya hapo ikawa kazi ya bisibisi: ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, halafu skrubu ya katikati inayounganisha hizo jozi mbili (hiyo ni ya kwangu, nyingine zina kabureta moja ambayo haiguswi na zingine zinaifuata, angalia kitabu cha pikipiki yako). Unagusa kidogo, unapiga resi mara moja, unaiacha itulie, unaangalia tena. Jozi ya mwisho haikufika hata robo mzunguko, oili ikasimama usawa mmoja na kule kugonga kwa klachi kukanyamaza pale pale nikiwa bado nimeshika bisibisi.

Ila hii kazi ni ya mwisho, jamani. Kwanza valvu zipimwe kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), maana nilikuta moja imebana na ningelinganisha kabureta juu ya valvu mbovu ningekuwa napima uongo. Plagi ziwe nzima, ea klina safi, na ile mipira inayoshika kabureta kwenye injini isiwe na ufa hata mmoja, ufa unaingiza hewa na vipimo vyote vinakuwa havina maana. Kama koki ya mafuta inafunguliwa na mvuto wa injini, ule mpira wake ukiuchomoa uzibe kitundu chake.

Halafu kuna jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Injini inapimwa ikiwa ya moto na inawaka muda mrefu pikipiki imesimama, kwa hiyo fanyeni nje kwenye uwazi, siyo ndani ya banda, moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi ambayo haina harufu na inaua. Injini zinazopozwa na upepo ziwekewe feni mbele. Na vile vipimo vya zamani vya zebaki muwaambie watu waachane navyo, zebaki ni sumu na ikimwagika sakafuni kuiokota yote ni shida, oili inatosha. Hilo la moshi naomba mkirekebisha makala mliweke juu kabisa, kabla ya habari ya skrubu.

Msomaji wenu wa kila wiki