Kwa vijana mlioachiwa majengo na wazazi wenu

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mlioachiwa fremu za maduka, maghala na ghorofa za ofisi, na sasa kampuni ya ukoo iko mikononi mwenu. Wengi wenu mnataka kuliweka rehani jengo la mzee ili mjenge jingine kubwa zaidi. Kabla hamjatia saini, sikilizeni habari za ukoo wa Reichmann wa Toronto, Kanada.

Ukoo huo wa Kiyahudi ulihama Vienna mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria, ukapitia Paris, ukakaa Tangier huko Moroko, na miaka ya 1950 ukahamia Kanada. Biashara yao ilikuwa vigae. Walipohitaji ghala waliona makandarasi wanataka bei mbaya, wakajenga wenyewe. Kwa njia hiyo Olympia & York, kampuni yao, ikaingia kwenye ujenzi. Ndugu watatu, Albert, Paul na Ralph, walishikana kweli. Sabato ikiingia, kazi zao za ujenzi zilisimama, hata kama mradi umechelewa. Hilo nawaombeni mliige.

Mwaka 1975 walikamilisha First Canadian Place, ghorofa 72, katikati ya Toronto. Mwaka 1977, New York ikiwa imeelemewa na madeni, walinunua majengo manane ya ofisi Manhattan kwa takriban dola milioni 320. Baadaye bei zikapanda sana, na ukoo ukatajirika kupindukia. Naamini sumu iliingia hapo. Mabenki yaliwaamini mno, yakawakopesha bila kuona hesabu za kampuni nzima, nao wakazoea kutoulizwa.

Mwaka 1987 waliuchukua mradi wa majengo ya ofisi wa Canary Wharf, kwenye gati za zamani za London. Jengo kuu la hapo, One Canada Square, lilikamilika mwaka 1991, refu kuliko yote Uingereza wakati huo. Soko la ofisi likawa limeanguka, wapangaji hawaji, na treni ya chini ya ardhi ya Jubilee ilifika pale mwaka 1999 tu! Jengo hulipa polepole kwa miaka mingi, lakini sehemu ya madeni yao ilikuwa ya muda mfupi, ya kukopa upya kila mara. Mwanzoni mwa 1992 wakopeshaji waligoma kuongeza muda. Kufika Mei, kampuni ilikuwa mahakamani ikiomba kinga dhidi ya wadai.

Paul alirudi mwaka 1995 na wawekezaji wengine wakainunua Canary Wharf, na leo pale pamejaa mabenki. Mahali alipaona sawasawa. Kilichomwangusha ni mikopo.

Basi wanangu, jengo la mzee linalolipa pango lisiwe dhamana ya jengo ambalo halijapata mpangaji hata mmoja. Mkopo wa ujenzi uwe wa miaka inayolingana na jengo litakavyolipa. Na hesabu zote, za madeni kwanza, msomeane ndugu wote, pamoja na dada zenu walioolewa, maana na wao ni warithi. Mwiteni mhasibu mwezi huu huu, mkae naye mpaka kila mmoja ajue nani anadaiwa nini na lini.