Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu watoto wanaokula mbono na nyonyo

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni matabibu na wauguzi wa zahanati za vijijini. Tunakuandikia kuhusu mbono kaburi, mti unaopandwa kuwa ua wa shule, nyumba na makaburi kwa sababu mbuzi hawauli. Tunda likikauka hupasuka na kutoa mbegu nyeusi, mara nyingi tatu. Ukizibangua, kiini ni cheupe na kitamu kama karanga. Mtoto mmoja akionja huwagawia wenzake. Ndiyo maana huletwa kwa mkupuo, wote wanatapika, na lawama ya kwanza huangukia uji wa shule.

Mbono huanza upesi, pengine ndani ya nusu saa: koo linawaka, tumbo linasokota, kisha kutapika na kuharisha. Wengi hupona kwa siku moja au mbili. Hatari kubwa ni kuishiwa maji mwilini. Nyonyo, ile mbegu ya mbarika yenye madoadoa, ni ya kuogopwa zaidi. Ikimezwa nzima mara nyingi hupita bila madhara. Ikitafunwa, mtoto anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla ya kuharisha damu, na ini na figo zikaharibika siku zinazofuata. Aliyetafuna nyonyo asirudishwe nyumbani kwa kuwa anacheza. Aangaliwe kwa muda wa angalau saa 12. Na kwa kuwa kuna mahali ambapo mimea yote miwili huitwa mbono, mzazi aje na mbegu yenyewe au ganda lake.

Dawa ya kuziua sumu hizi haipo. Kinachookoa ni maji, na yanacheleweshwa na yale yanayofanyika nyumbani: kidole kooni, maziwa, mafuta ya kula. Kumtapisha mtoto ambaye koo limeshaungua humwongezea majeraha, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mkaa wa jikoni hausaidii. Mkaa wa dawa, gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, unafaa ndani ya saa 1 tangu ale, na kwa mtoto aliye macho, anayemeza vizuri na asiyetapika.

Mwenye dalili za kupungukiwa maji apewe ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari maalumu) mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Mtoto wa kilo 15 ni kama lita 1.1. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha endeleeni kijiko kwa kijiko. Akilegea na kushindwa kunywa, ni dripu ya Ringa Lakteti mililita 100 kwa kilo: kwa aliyezidi mwaka mmoja, 30 ziingie kwa nusu saa na 70 kwa saa mbili na nusu. Dawa za kufunga kuharisha asipewe kabisa. Akiharisha damu, asipokojoa au macho yakiwa ya njano, apelekwe hospitali dripu ikiendelea.

Mheshimiwa, tunaomba maelekezo haya yachapwe ukurasa mmoja na kubandikwa kila zahanati, mkaa wa dawa usikosekane kwenye maboksi ya dawa tunayoletewa, na wizara ikubaliane na wenzao wa elimu kwamba ua wa mbono uondolewe kwenye viwanja vya shule za awali na msingi. Mashambani ubaki, una kazi yake. Walimu waonyeshwe mbegu zote mbili kabla ya matunda kukauka.

Matabibu na wauguzi wa zahanati za vijijini