Barua kwa sahibu yangu: Abdel Halim na sauti yake ndogo

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia salama, na baada ya shukrani naingia moja kwa moja katika ubishi uliouanzisha, kwamba Abdel Halim Hafez, yule mwimbaji na mwigizaji wa Misri, alikuwa sura nzuri ya sinema tu na kwamba sauti yake si kitu mbele ya Umm Kulthum, bibi mwimbaji mkongwe wa huko huko. Nusu ya maneno yako naikubali. Sauti yake ilikuwa ndogo kweli, lakini mwenyewe aliijua kuliko sisi. Badala ya kushindana na wakongwe waliojaza ukumbi kwa nguvu za kifua, alikisogelea kipaza sauti akaimba kwa upole, hata kila msikilizaji akadhani anaimbiwa yeye peke yake.

Upole huo haukupokewa upesi. Alipoimba "Safini Marra" huko Alexandria mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu walimzomea, kwani walitaka nyimbo za mwimbaji na mtunzi mkongwe Mohamed Abdel Wahab, naye Abdel Halim akakataa kuziimba. Aliyethubutu hivyo hakuwa na pa kuegemea: alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Halawat, mkoani Sharqia, akafiwa na wazazi wote wawili angali mdogo mno, kisha akasomea muziki Cairo, ambako alikuwa mpigaji wa obo, aina ya zumari, wala si mwimbaji.

Kwenye filamu alianza na "Lahn al-Wafa" mwaka 1955, pamoja na mwigizaji na mwimbaji Shadia. Sikufichi, baadhi ya hadithi za filamu zake ni nyepesi. Hata hivyo, katika "Shari' al-Hubb" anapocheza kijana fukara anayelelewa na wanamuziki wa mtaa wa Mohamed Ali huko Cairo, huoni mwigizaji anayejifanya maskini.

Ila lililonifanya nimheshimu ni ugonjwa. Utotoni aliogelea katika mifereji ya kijijini, kama watoto wengi wa Delta ya mto Nile, akapata kichocho. Huku kwetu pia tunakijua, ingawa wengi hukifikiria kuwa ni mkojo wa damu na basi. Chake kilimharibu ini, mishipa ya koo la chakula ikawa inavimba na kupasuka, akawa anatapika damu, na tangu katikati ya miaka ya 1950 maisha yake yakawa ya hospitali na jukwaa, jukwaa na hospitali.

Sasa mtazame mwaka 1976, Cairo, akiizindua "Qariat al-Fingan", shairi la mshairi wa Syria Nizar Qabbani lililotiwa muziki na mtunzi Mohamed El Mougi. Amedhoofu, wimbo ni mrefu na mgumu, na baadhi ya watazamaji wanapiga miluzi na makelele. Uvumilivu ukamwishia, akawaambia waziwazi kwamba hata yeye anajua kupiga mluzi na kupiga kelele. Kisha akaimba. Hakuimba tena katika tamasha kubwa kama lile. Alifariki London tarehe 30 Machi 1977, akiwa na umri wa miaka 47, na mitaa ya Cairo ikafurika watu siku ya maziko yake.

Kwa hiyo usimpime kwa filamu peke yake. Itafute rekodi ya usiku ule wa 1976, uisikilize pamoja na makelele yake yote, kisha uniandikie kama bado unasema ni sura tu. Wazee nyumbani wasalimie sana.

Wako,
Sahibu yako wa siku zote