Mwanahamisi, wamempa mechi moja

Shoga yangu Mwanahamisi,

Assalam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila miguu inanivimba kwa hizi zamu za usiku. Mwambie Bi Mkubwa dawa zake nimempa Kaka Omari, inshallah Alhamisi atakuwa Tanga. Mengine nitakuandikia siku nyingine. Sauti yako ya kuniuliza habari za mwanangu Rashidi nimeisikiliza mara tatu na kukujibu kwa mdomo nimeshindwa. Nilianza kurekodi nikalia, nikafuta, nikaona bora niandike.

Ndiyo, ni kweli, Rashidi alikamatwa. Mama Tatu amekosea kukwambia amefungwa. Alilala mahabusu usiku mmoja, asubuhi tukamtoa kwa dhamana.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, juma la pili sasa. Saa nane za usiku polisi walimnasa na ile mashine yao akienda maili 97 kwa saa. Kwa hesabu yenu ni kama kilomita 156. Barabara yenyewe mwisho ni maili 55, nyembamba, miti huku na huku. Hakuwa amelewa, walimpima hawakukuta kitu, na hilo namshukuru Mungu kila nikisujudu. Lakini hakuwa peke yake, Mwanahamisi. Pembeni yake alikuwa amekaa binti wa watu.

Gari lilikokotwa na breki dauni, nikaenda mimi kulitoa yadi kwa kuwa baba yake alikuwa kazini. Nikafungua mlango wa upande wa abiria. Chini pale kulikuwa na kiatu kimoja cha yule binti, kandambili ya kamba za dhahabu, kamba moja imekatika. Nadhani alikuwa amekaza miguu. Kiti cha nyuma nikakuta maandazi niliyomkaangia Ijumaa, yamefungwa vilevile kwenye foili, hata hajayafungua. Nilikaa kwenye lile gari na kile kiatu mkononi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Yule binti hakuumia. Nakwambia mapema usije ukasoma barua yote roho iko juu.

Sasa adhabu. Chuo kina ofisi yake ya nidhamu, nayo bado inakaa vikao. Mahakama ina tarehe yake mwezi ujao, na huku Georgia, Marekani, ukifika maili 75 kwenye barabara ya namna ile kuna dola 200 za ziada juu ya faini, mbali na hilo shtaka la kuendesha kwa kuhatarisha watu. Na timu yake ya chuo, ya futiboli ya Kimarekani, nayo ina yake. Timu imempa mechi moja ya kukaa nje.

Moja, shoga. Tena ya kwanza ya msimu, ambayo wanacheza na chuo kidogo kilichokuja kulipwa fedha kikubali kufungwa. Huku ndivyo wanavyofanya, vyuo vikubwa hualika vidogo mwanzoni mwa msimu, vidogo vinachukua hela na kipigo vinarudi kwao. Hata Rashidi angekuwepo au asingekuwepo, wangeshinda. Mechi ya pili, ile ngumu ambayo kila mtu mjini anaizungumza, kijana wako yumo ndani, kofia kichwani. Najiuliza hiyo adhabu ameadhibiwa nani.

Baba Rashidi ananiambia nimezidi, vijana wote wanakimbiza magari, si wa kwanza wala wa mwisho. Hapo ndipo tulipogombana mpaka sasa tunapishana jikoni kwa salamu tu. Kwa sababu mimi naishi Georgia, na wa kwanza namjua. Wote huku tunawajua.

Januari 2023, timu ya Chuo Kikuu cha Georgia ilitwaa ubingwa wa nchi nzima, ikawafunga TCU, chuo kimoja cha Texas, 65 kwa 7. Jumamosi tarehe 14 wakafanya maandamano ya ushindi mjini Athens, watu wamejaa barabarani. Saa chache tu baadaye, saa tisa kasorobo usiku, gari moja likaacha njia, likagonga nguzo na miti. Akafa mchezaji wao, Devin Willock, na mfanyakazi wa timu aliyekuwa akiendesha, dada wa miaka 24. Polisi walisema gari lile lilikuwa likienda kama maili 104 kwa saa, linashindana na gari la mchezaji mwingine, Jalen Carter, na kwamba dada yule alikuwa amekunywa kupita kiasi. Carter alikwenda mahakamani, hakupinga mashtaka, akapewa miezi 12 ya uangalizi, faini ya dola 1,000 na saa 80 za kazi za jamii. Mwezi uliofuata timu ya kulipwa ya Philadelphia ikamchagua wa 9 kati ya vijana wote wa Marekani.

Willock alikuwa na miaka 20. Rashidi ana miaka 20. Maili 104 na maili 97, Mwanahamisi, tofauti yake ni nini? Ungedhani baada ya msiba ule mguu wa kila mchezaji ungekuwa mwepesi, lakini wachezaji wa timu ileile waliendelea kukamatwa kwa mwendo kasi mwaka uleule na uliofuata. Kocha wao, Kirby Smart, aliulizwa na waandishi mara kwa mara kuhusu jambo hilo.

Kocha wa Rashidi ni mtu wa heshima. Alinipigia mwenyewe, hakutuma msaidizi, akaniita "mama". Akasema, "Nikimtoa kikosini nitampoteza. Hapa ana ratiba, ana chakula, ana watu hamsini wanaomwangalia." Mwanzoni nilikubali, nikamwambia asante. Kisha akaongeza kuwa mambo haya watayamaliza humo humo ndani, wao ni familia. Neno hilo likanikaa vibaya. Familia yake ni mimi. Ni wewe uliyemlea miaka sita nikiwa sina karatasi za kumleta huku.

Nikaenda kumweleza mzee mmoja kazini, yule anayesukuma vitanda vya wagonjwa, ambaye futiboli hii ameifuata tangu utotoni. Akanihadithia habari za timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska. Mwaka 1995 walikuwa na mkimbiaji, Lawrence Phillips, kijana aliyekulia kwenye nyumba za malezi huko California. Septemba akamvamia msichana aliyekuwa mpenzi wake, akamburuta kwenye ngazi. Kocha Tom Osborne, anayeheshimika kuliko gavana, kwanza alimfukuza, kisha akamrudisha baada ya mechi sita. Hoja yake ilikuwa ileile niliyoambiwa mimi, kwamba bila mpira na timu kijana huyu hana pa kushika. Tarehe 2 Januari 1996 Phillips alikuwa uwanjani wakati Nebraska inaichapa Florida 62 kwa 24 na kuchukua ubingwa. Akaenda kulipwa mamilioni. Matatizo yakaenda naye, magomvi, wanawake, magari, mahakama, na Januari 2016 akakutwa amekufa kwenye chumba chake gerezani California, ana miaka 40.

Yule mzee hakumsema vibaya Osborne. Alisema kocha yule alimpenda kweli kijana, na mimi naamini. Ndiyo maana sijalala. Kama mtu mwenye mapenzi ya kweli alipima kosa kwa hesabu ya mechi na mambo yakawa yale, huyu wetu aliyempa moja amepima kwa nini?

Na hilo la kuyamaliza ndani, niliogopa zaidi niliposoma yaliyotokea Baylor, kile chuo cha Wabaptisti kule Waco, Texas. Wanawake walilalamika kubakwa na wachezaji. Uchunguzi wa mwaka 2016 ukakuta watu wa timu walikuwa wakiyapokea na kuyashughulikia malalamiko wenyewe, pembeni ya taratibu za chuo. Kocha Art Briles alifukuzwa, na rais wa chuo, Ken Starr, akaondolewa kwenye kiti chake. Sifananishi kosa la Rashidi na yale, astaghfirullah. Nasema tu kwamba mlango ukishafungwa kwa ndani, mzazi huna pa kuchungulia.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kuiona hiyo adhabu nyingine. Maana mbali na mechi moja, wanamkimbiza. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mazoezi, anapanda na kushuka ngazi za uwanja na mfuko wa mchanga mabegani. Nimetoka zamu na sare yangu ya hospitali nikasimama getini. Alipanda, akashuka, akapanda, jasho linamtiririka kama bomba. Akatapika kwenye ndoo. Wenzake wakampigia makofi, mmoja akamkumbatia, naye akacheka. Nikasema moyoni, hapa mwanangu anaongezewa pumzi tu.

Ndipo nikakukumbuka wewe na embe za Mzee Kombo.

Unakumbuka? Alikuwa na miaka saba, ameiba embe nne. Hukumpiga. Ulimwosha, ukamvisha kanzu ya Ijumaa, ukampa zile embe kwenye kikapu, ukatembea naye mpaka barazani kwa Mzee Kombo mbele ya wacheza bao wote. Akaambiwa aseme mwenyewe. Uliniambia alikaa dakika nzima hawezi kufungua mdomo, mpaka kanzu ikalowa machozi, na Mzee Kombo naye akawa analia. Akarudishiwa embe mbili. Mpaka leo Rashidi akiona embe sokoni huku, zile ngumu zisizo na harufu, ananitajia Mzee Kombo.

Hilo ndilo ninalolitaka. Nataka nimchukue, avae shati safi, twende kwa wazazi wa yule binti, tukae, aseme mwenyewe: nilimpakia mwanenu nikakaribia kumuua. Kwetu wangeshakwenda watu wazima siku ya pili yake. Wakili amekataa katakata. Anasema neno lolote atakalotamka kwa familia ile linaweza kuletwa mahakamani, anyamaze mpaka kesi iishe. Ofisi ya chuo nayo imemkataza hata kumtumia yule binti ujumbe. Naelewa sababu zao, sheria ina mambo yake, na binti naye ana haki ya kuachwa apumzike. Lakini kesi itachukua miezi, na kijana akizoea kunyamaza miezi yote hiyo huku uwanja mzima unaimba jina lake, je, siku ya kuambiwa sema atakuwa bado na la kusema? Kiatu kiko kwangu kabatini. Sijui nimpelekee nani.

Kuna jambo jingine linanikereketa, nalo nikufichie wewe nimwambie nani. Yale mabati ya Bi Mkubwa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, matangazo na kadhalika. Zamani hata kuuza jezi yako ulisimamishwa. Pale Georgia mwaka 2010 mchezaji alikosa mechi nne kwa kuuza jezi kwa dola 1,000. Nne kwa jezi! Rashidi ana mkataba na duka moja la matairi mjini, ndiko lilikotoka gari, ndiko yalikotoka mabati. Nikisema asimame msimu mzima, mkataba unakatika, na ile nyumba haijapigwa lipu. Baba yake hajalitamka, ila najua ndilo analolipigia hesabu. Nami niliyapokea mabati yale kwa vigelegele.

Sasa nakuomba. Mpigie wewe. Mimi akiniona anainamisha kichwa, "ndiyo mama, ndiyo mama," kisha anaingia chumbani. Baba yake hatanena. Wewe hajawahi kukudanganya. Mpigie Jumapili kwenu baada ya Isha, kwake itakuwa saa saba mchana, siku hiyo hawana mazoezi. Usianze na gari. Anza na habari za huko, atalileta mwenyewe.

Na uniambie wewe unaonaje. Niende kwa kocha nimwambie mimi mzazi nataka akae nje zaidi ya mechi moja, au nitakuwa nimemvua nguo mwanangu mbele ya watu? Atanisamehe? Niwatafute wale wazazi peke yangu, bila Rashidi, niwape pole tu kama mama kwa mama, au nimsikilize wakili? Maalim Sefu bado yupo? Unaweza kumuuliza radhi iliyocheleweshwa kwa amri ya sheria inahesabikaje? Bi Mkubwa ameshasikia? Kama hajasikia, Mama Tatu azuiwe namna gani? Na wewe ile presha, umekwenda kupima?

Nijibu kwa sauti, hata ndefu. Nitaisikiliza nikiwa kwenye basi.

Wako,
Zuhura