Barua kwa mpwa wangu aliyevunja sumaku

Mpwa wangu,

Jumapili ile pale Magomeni, sumaku yako ya rangi mbili ilipoanguka sakafuni ikakatika katikati, uliniuliza mbona kipande chekundu, upande wa kaskazini wa sumaku, hakikubaki kaskazini tupu. Ulikuwa umeshakijaribu: mwisho mmoja unavuta, wa pili unasukuma. Nikakujibu "ndivyo sumaku zilivyo." Halikuwa jibu, na limenikaa rohoni wiki nzima.

Hakuna kaskazini iliyorundikwa upande mmoja wa sumaku. Kila elektroni iliyomo ndani yake ni kisumaku kamili chenye ncha zote mbili. Wanafizikia Uhlenbeck na Goudsmit walipendekeza mwaka 1925 kuwa elektroni ina tabia hiyo, nayo huitwa spini, ingawa haizunguki kama pia unayochezea. Katika vitu vingi elektroni hukaa mbili mbili, moja ikielekea juu na mwenzake chini, zikafutana. Atomi ya chuma ikiwa peke yake ina elektroni nne zisizo na jozi, kwa hiyo usumaku wake haufutiki. Basi kata unavyotaka, utapata ncha mbili.

Sasa mbona msumari hauokoti pini? Mwanafizikia Pierre Weiss alieleza mwaka 1907: chuma ni kama jiji la mitaa midogo midogo. Ndani ya mtaa mmoja atomi zote zinaelekea upande mmoja, lakini mtaa wa jirani una mwelekeo wake, na jumla yake ni sifuri. Ukisogeza sumaku karibu, mitaa inayoelekea upande mmoja nayo hutanuka na kumeza majirani. Chukua sindano ya mama yako, isugue kwenye sumaku mara ishirini kwa upande mmoja tu. Itaokota pini hata sumaku ikiwa mbali, kwa sababu chuma kigumu cha sindano huzuia mipaka ya mitaa isirudi ilikotoka. Msumari laini huziachia pini mara moja.

Ila kuna swali ninalolipenda kuliko yote: nani anaziambia atomi za mtaa mmoja zikubaliane? Si mvuto wa sumaku kati yao. Huo ni dhaifu mno, joto la kawaida tu la Dar lingezitawanya. Mwanafizikia Heisenberg alipata jibu mwaka 1928. Elektroni husukumana kwa umeme, na zile zenye spini sawa haziruhusiwi kukaa mahali pamoja. Zikielekea upande mmoja zinakaa mbalimbali, msukumano unapungua, na katika chuma hiyo ndiyo hali yenye nafuu. Yaani kinachoishikilia sumaku ni umeme! Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nilishindwa kulala.

Makubaliano hayo yana kikomo. Chuma kikifika nyuzi joto 770 za Selsiasi, mtikisiko wa atomi unayashinda. Jumamosi nitakupeleka eneo la Gerezani, kwa fundi chuma ninayemfahamu. Atapasha bolti moto hadi iwe nyekundu ya kung'aa, aishike kwa koleo, nasi tutaning'iniza sumaku kwa waya jirani yake. Haitajali kabisa. Kisha tusubiri bila kugusa kitu. Bolti ikianza kufifia rangi, utaona waya unapinda wenyewe kuifuata.

Kile kipande chekundu njoo nacho pia. Tutakivunja tena, na safari hii wewe ndiye utakayenieleza kwanza kitakachotokea.

Mjomba wako